Uso wa Mfua Shuka

Treni ilikuwa bado inapunguza mwendo, lakini mkalimani alikwisha kusimama mlangoni, begi la nguo begani na la kompyuta kifuani kama mtoto mchanga. Mji huu hakuwahi kuukanyaga. Alichojua ni kwamba una ukumbi wa sinema ambao kila msimu wa tuzo kubwa za filamu huonyesha filamu zote zinazogombea, na watu hujaa humo kubishana ipi itashinda, kwa sauti zilezile wanazobishania mpira. Filamu huja na lugha za kwao, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kukaa gizani na maikrofoni, akiwatolea watazamaji maneno kwa Kiswahili. Aliyekuwa akifanya kazi hiyo alipata nyingine redioni, akaaga. Ndipo akapigiwa simu mwanamke huyu, ambaye alikuwa ameokota lugha sita katika miji sita na hakuna hata mmoja uliomshika miguu.

Nje ya stesheni alimuuliza mchukuzi wa mizigo njia.

"Nyoosha na barabara hii mpaka uwaone watu wakubwa."

"Wakubwa wa serikali?"

"Wakubwa kuliko mlango, dada. Utawajua tu. Wanakutazama kabla hujawatazama."

Kweli aliwajua. Ukuta wa mbele wa ukumbi ulikuwa na fremu tano za chuma, na ndani ya fremu nne mlikuwa na mbao zilizochorwa kwa mkono: jenerali mwenye jicho moja lililolowa, watoto wawili juu ya paa, bibi harusi aliyegeuka nyuma, na mama wa posta mwenye midomo iliyobanwa. Ubao wa tano ulikuwa mweupe. Chini yake, juu ya kreti la soda, alikaa mzee mwembamba mwenye rangi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mdomo mpya?"

"Ndiye."

"Mimi ndiye mkono. Watu huniita Mzee Brashi. Weka mizigo, unywe maji, halafu uniambie huyo mfua shuka wa filamu hii ya tano anashikaje kikombe. Kwa mkono wa kikombe, au anakikumbatia?"

Mkalimani alidhani anataniwa. Hakuwa anataniwa. Mzee Brashi alikuwa amechora mabango ya ukumbi ule tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hakuna filamu aliyoitazama kabla ya kuichora. Mwenye ukumbi wa kwanza alikuwa bahili wa umeme, hakukubali kuwasha mashine kwa ajili ya mtu mmoja. Basi mkalimani wa wakati huo ndiye aliyeitazama filamu, akamsimulia mchoraji, na mchoraji akachora alichosikia. Wenye ukumbi walirithishana, utaratibu ukabaki. Mara moja tu walimletea bango lililochapishwa huko filamu ilikotoka, wakamwambia anakili. Likatoka kama mtu aliyekufa maji.

"Yale ya kuchapishwa yote ndugu," alieleza. "Vichwa viwili, kimoja huku, kimoja kule, kama wamegombana. Jina kubwa. Halafu yale majani ya dhahabu kulia na kushoto, kuonyesha imeteuliwa. Bosi wangu anayapenda majani hayo kupita maelezo. Mimi namchorea, lakini pembeni kabisa. Mtu hasimami barabarani kwa sababu ya majani. Husimama kwa sababu ya uso."

Mchana ule mkalimani alijifungia katika chumba cha mashine akaitazama filamu iliyobaki, *Mfua Shuka*. Njiani ndani ya treni alikuwa ametazama nyingine mbili, moja ikiwa ile ya mama wa posta, na usingizi haukuwa umemtosha. Alipotoka, jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa barabara, na Mzee Brashi alikuwa ameshatayarisha makopo.

"Ni mwanamke wa makamo," alianza mkalimani. "Anafua shuka za hoteli. Kazi hiyo ameifanya mpaka vidole vimepoteza alama. Siku moja wanaambiwa hoteli inafungwa. Wenzake wanalia, wanatukana. Yeye anapanda paa na shuka zote, anazianika mara ya mwisho, kisha anakaa katikati yake."

"Husema?"

"Kidogo sana. Akisemeshwa, huinamisha kichwa upande wa kushoto, kama kwamba sikio hilo ndilo linalojua ukweli. Na anauma kidogo pembe ya mdomo. Hakubali wala hakatai. Anakusubiri umalize uongo wako."

Brashi ilisimama hewani. Mzee aliugeukia ubao mweupe, akasema polepole, "Hapo basi. Nyamaza hapo hapo."

Akachora bila kuuliza tena.

Ubao ulipotundikwa, watu walisimama kama alivyosema. Muuza magazeti alivuka barabara kuutazama. Mwanamke mkubwa kuliko mlango, kichwa kimeinama kushoto, shuka nyeupe nyuma yake, alikuwa akiwangoja wote wamalize uongo wao. Mwendesha baiskeli mmoja aliegemeza baiskeli yake ukutani, chini ya kidevu cha mwanamke huyo, akaingia dukani kununua sigara.

Ndivyo binti wa mchoraji alivyomkuta mama yake.

Binti huyu alikuwa mpokea wagonjwa katika kliniki ya meno, mtu wa sare iliyopigwa pasi na maneno yaliyopimwa. Siku hiyo hakupima. Aliisukuma baiskeli ikaanguka chini.

"Baba! Mama anafanya nini barabarani?"

Mzee Brashi alishuka ngazini. "Punguza sauti, mwanangu."

"Nipunguze nini? Hajamaliza hata mwaka kaburini, umemtundika hapa watu wamwegemezee baiskeli! Watoto wa mtaani wamenifuata wananiambia, dada, mama yako amekuwa nyota. Nyota!" Akatoa kwenye mkoba chupa ya mafuta ya taa na kitambaa. Kumbe alikuwa amejiandaa. "Pisha. Nafuta mwenyewe."

Mkalimani alikuwa mlangoni, akisikia yote. Mzee hakumzuia binti yake. Alikaa tu juu ya kreti.

"Ukimfuta," alisema, "mimi sitamwona tena."

"Picha si ipo?"

"Ile ya kitambulisho? Yule siye. Yule ni mtu aliyeambiwa asitabasamu." Alitazama mikono yake. "Sikukwambia, maana utasema baba ameanza kuchanganyikiwa. Tangu tumzike, nikifumba macho naona gauni. Naona mikono, naona viatu vyake vya bluu. Juu hapana kitu. Mimi niliyechora nyuso za watu nisiowajua maisha yangu yote, uso wa mke wangu umenitoka. Juzi huyu dada ananisimulia filamu yake, akafika mahali, na mama yako huyo, akaja mzima mzima. Nisingemchora siku ileile, angeondoka tena."

Barabara iliendelea na kelele zake. Binti alisimama na kitambaa mkononi, akitazama juu. Kisha akasema kwa ukali, kama anayemkaripia mgonjwa aliyechelewa:

"Meno si hayo."

"Nini?"

"Meno ya mama. Hili la mbele lilipandia la jirani kidogo. Daktari wetu alitaka kulinyoosha, mama akamwambia, mwanangu, jino hili limeolewa likiwa hivi hivi. Umemchorea meno ya tangazo la dawa ya mswaki."

Mzee Brashi alinyanyuka. Alipanda ngazi na brashi nyembamba. "Lilipandia upande gani?"

"Kulia. Kulia kwake, baba, siyo kwako. Kidogo zaidi. Basi! Umezidisha, sasa amekuwa sungura."

Mzee akacheka, na kicheko kikamkatikia katikati. Binti aliiweka chupa chini ili aweze kuonyesha kwa mikono yote miwili. Wakahamia kwenye sikio, wakabishania nyusi, wakapatana juu ya kovu dogo la kidevuni ambalo mzee alikuwa amelisahau kabisa. Mkalimani aliingia ndani taratibu, lakini kichwa kile kilichoinama kilikuwa kimeanza kumtia shaka.

Jioni hiyo aliirudia filamu peke yake. Hakukosea kuhofu. Mfua shuka hakuinamisha kichwa hata mara moja, alikuwa mwanamke wa shingo iliyonyooka. Aliyeinamisha kichwa na kuuma pembe ya mdomo alikuwa mama wa posta, wa filamu ile nyingine ya kwenye treni. Katika msimu wa tuzo filamu huingiliana kichwani kama nguo za familia mbili katika beseni moja, naye alikuwa ametoa ya huyu akamvisha yule.

Watazamaji wa usiku ule nao hawakuchelewa kuliona. "Tapeli nyie!" alipaaza sauti mmoja filamu ilipokwisha. "Yule mama wa nje yuko wapi? Nimemngoja mpaka mwisho!" Mwingine akamjibu, "Amekwenda kuanika. Rudi kesho."

Mkalimani alimfuata mzee palepale, akamweleza jinsi alivyochanganya. Alitegemea aone kitu fulani kikivunjika usoni pake. Mzee alifikiri, akafuta brashi kwenye suruali.

"Kwa hiyo ungenisimulia sawasawa, mke wangu asingekuja."

"Inaelekea hivyo."

"Basi usimwambie Bosi. Atakufukuza, na mimi nitakuwa sina wa kumshukuru."

Lakini ukumbi ule ulikuwa na sheria yake, na ndiyo iliyomkosesha mzee raha siku zote zilizofuata. Tuzo zikitangazwa, bango la filamu iliyoshinda hubaki juu mpaka msimu mwingine. Yaliyoshindwa hushushwa asubuhi ileile na kupakwa chokaa, maana mbao ni chache na filamu nyingine zinangoja. Nyuso zote alizowahi kuchora zilikuwa zimelala humo, moja juu ya nyingine. Hakuwahi kuililia hata moja. Sasa alianza kuwauliza watu waliotoka ukumbini, kwa sauti ya kutojali, "Hii ya mfua shuka mnaionaje? Ina nafasi?" Wengi walitikisa kichwa. Nzuri, walisema, lakini haina vita.

Habari zilifika asubuhi kupitia redio ya muuza magazeti. Jenerali alikuwa ameshinda.

Bosi, mwenye ukumbi, alikuja mwenyewe na ndoo ya chokaa. Hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia kabla ya kusema.

"Mzee wangu, pole. Lakini mbao nyingine tatu zimeshagawiwa, na filamu ya kesho haina ubao."

"Najua."

"Ningekuwa na mwingine ningekupa. Fremu hizi zilipimwa enzi za babu yangu, mbao za madukani hazitoshi, tena seremala yuko safarini. Nifanyeje?"

Mzee Brashi aliipokea ndoo. Alikoroga chokaa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Ubao ulikuwa umeshushwa, umeegemezwa ukutani, na kwa mara ya kwanza uso ule ulikuwa usawa wa uso wake. Alichovya brashi. Akaitoa, akaiacha idondoke. Mkalimani aligeukia pembeni.

"Baba, ngoja."

Binti alikuwa amesimama nyuma yao na sare yake ya kliniki. Alikuwa ameshika mkanda wa kupimia nguo, akainama bila salamu, akapima ubao, urefu na upana.

"Mlango wa chumba chako," alisema. "Unatosha. Unazidi kama vidole vitatu, tutaukata."

"Mlango wangu?"

"Unalala peke yako, nani atakuchungulia?"

Bosi aliirudisha kofia kichwani, akawapisha. Baba na binti wakaondoka pamoja. Waliporudi, jua lilikuwa limekolea, na walikuwa wamebeba mlango wa mbao wa rangi ya kijani, bawaba zikining'inia, misumari ya kutundikia nguo bado imo. Msumeno uliazimwa kwa jirani. Mzee alikata, binti alishikilia, vumbi likaijaa sare na hakulipangusa. Mlango uliingia kwenye fremu ya tano kwa kugongwa kidogo.

"Una tundu la kitasa," alisema Bosi.

"Mchoraji wako wa wiki hii, hata ukiwa wewe, ataliweka jicho hapo," alisema mzee. "Mimi wiki hii sipo. Nina ukuta wa kuutafutia huyu mahali, nyumbani kwa binti."

Wakauinua ule ubao, binti mbele, mzee nyuma, uso ukitazama angani. Mkalimani aliwafuata mpaka ukingoni mwa barabara. Hakupewa mkono wa kuaga, maana mikono yote ilikuwa na kazi.

"Taratibu, baba, kuna mtaro."

"Nauona. Inua upande wako, unamkunja shingo."

Magari yalisimama kuwapisha. Walipinda kona, mguu wa mzee ukaonekana kitambo, kisha nao ukapinda. Bosi alikuwa ameshaanza kuupaka mlango chokaa.

"Dada," aliita bila kugeuka, "hii ya kesho, mhusika wake yukoje?"

Mkalimani alivuta kreti, akakaa, akafumba macho ili apate uhakika ni yupi.