Tundu la Tatu

Pipa lile lilinuka wiki tatu nzima, na wiki tatu nzima Silvano hakuacha kulisema.

"Dada, unafua injini au unaozesha maiti?"

"Ziba pua, kaka. Nani kakuita?"

Nives alikuwa na miaka sitini na miwili. Miaka thelathini alipima utamu wa miwa katika maabara ya kiwanda cha sukari, kisha akastaafu, lakini mtu wa kupimapima haachi. Alichukua ndoo nne za molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa, hukohuko kiwandani, akazizimua kwa maji pipani, akatumbukiza humo bloku nzima ya injini ya gari la marehemu baba yao. Wakulima wote wa miwa mjini Ingham wanajua kwamba molasi hula kutu na chuma chenyewe kikabaki. Wasichokielewa ni kwa nini mwanamke mwenye magoti mabovu ajitese na injini iliyokufa miaka arobaini na mitatu iliyopita.

Nives alitaka kujua jambo moja tu. Je, kweli ni yeye aliyeiua?

Maana ndivyo ilivyosemwa. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, baba yake na Silvano waliifungua injini hiyo yote, wakaisafisha, wakaifunga upya, ikawaka vizuri kabisa. Jumamosi Nives akapewa funguo aende mjini. Kilomita nane tu, injini ikaanza kugonga, ikalia, ikakwama barabarani. Baba hakuuliza swali hata moja. Alisema msichana huyu amekanyaga mafuta mno mpaka ameiua, akampokonya funguo, basi. Tangu hapo kila Jumapili ukoo ukikutana kwa mama yao, Mama Ines, kula tambi, lazima mtu aulize nani anaendesha leo, na lazima wote wajibu, "Si Nives!" wakacheka. Hata watoto wadogo wasioijua injini wala gari lenyewe. Nives naye alicheka nao, na moyoni ilimuuma kila mara.

Alhamisi ya wiki ya tatu Silvano alikuja bandani kwa Nives kumsaidia kuinua bloku kwa winchi ya mnyororo. Ilitoka pipani inachuruzika uji mweusi, wakaipiga maji ya mpira, na chini ya uji ule chuma kilikuwa cha kijivu, kisafi, kama kimetoka kiwandani juzi.

"Lo!" Silvano akasema. "Haya, nimekubali."

Ukiitazama hivyo tupu, bloku ni pande la chuma lenye matundu. Sita makubwa ndiyo silinda, humo pistoni hupanda na kushuka. Kuzizunguka, ndani ya kuta, kuna njia za maji ya kupoza. Chini ndiko kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, huzunguka ikikalia beringi saba, na kila beringi ina kitundu chake chembamba kinacholeta oili. Oili isipofika, chuma husaga chuma, na safari imekwisha.

Nives alileta sabuni ya vyombo na ndoo ya maji ya moto.

"Maji kwenye injini?" Silvano akang'aka. "Tumia petroli kama watu!"

"Petroli inatoa grisi, vumbi la msasa mliosagia silinda linabaki palepale. Sabuni inalibeba. Tazama."

Akasugua silinda ya kwanza, akaifuta kwa kitambaa cheupe. Kikatoka kijivu. Akasugua tena, na tena, mpaka kikatoka cheupe, kisha akapaka oili upesi, kwa sababu chuma tupu hushika kutu huku unakiangalia. Zikaisha zote sita. Ndipo akachukua brashi nyembamba ya kusafishia bunduki, akaanza kuipitisha kwenye vitundu vya oili. Cha kwanza ikapita. Cha pili ikapita. Cha tatu ikagoma.

"Aa! Una nini wewe?" Nives akakisemesha kitundu.

Beringi ya tatu ndiyo aliyoikuta imeungua siku alipoifungua injini. Zile nyingine zilikuwa nzima. Akachukua skrubu ndefu ya kukazia mbao, akaizungusha mle mpaka ikauma, akaivuta kwa koleo. Kikatoka kijiti cheusi, kirefu kama pingili ya kidole, upande mmoja kimevunjika, upande wa pili kimechongwa kwa kisu.

"Kaka, hiki kilifuata nini humu?"

Silvano alikitazama, kisha akakaa juu ya ndoo.

"Nilivichonga mimi. Saba. Tulipokuwa tunasaga silinda nikaziba vitundu, uchafu usiingie. Nilipochomoa nikahesabu sita. Nikadhani kimoja kimedondoka sakafuni."

"Ukadhani. Na injini ilipokufa?"

"Nilijua siku ileile."

Nives alikiweka kijiti juu ya bloku. Alikuwa na hasira ambayo hajapata kuwa nayo maishani, na pamoja nayo raha ya ajabu: hakuwa yeye. Miaka yote hiyo, hakuwa yeye hata kidogo.

"Baba angeniua, Nives."

"Kwa hiyo ukamwacha aniue mimi."

"Nisamehe, dada. Nakuomba, nisamehe."

"Usiniombe hapa bandani, tuko wawili tu. Utasema Jumapili hii. Mezani, wote wakiwapo, Mama akisikia."

"Mama ana miaka tisini na moja, jamani!"

"Ndiyo maana nimesema Jumapili hii."