Moshi kwenye Gari la Shangazi

Pale gereji walimwita Mama Moshi, na jina hilo hakulipata kwa kuvuta sigara. Alilipata kwa mashine yake, kasha la chuma lisilozidi ukubwa wa ndoo, lililotoa moshi mweupe, laini, usio na haraka. Mafundi wenzake waligombea injini na giaboksi, kazi zenye kelele na sifa. Yeye alichagua kutafuta mahali ambapo mvuke wa petroli unatoroka.

"Leo unamfukiza nani?" fundi wa umeme alimuuliza karibu kila asubuhi. Huyo walimwita Waya, kwa kazi yake na kwa wembamba wake.

"Nakufukiza wewe, nione kichwa chako kinavujia wapi."

Petroli ni kitu kisichotulia. Hata gari likiwa limezimwa kivulini, mafuta ndani ya tangi hupumua. Mvuke huo hauruhusiwi kutoka nje. Hupita kwenye mipira myembamba hadi kwenye kopo lililojaa mkaa, hushikwa humo, kisha injini ikiwaka huuvuta na kuuchoma. Kompyuta ya gari huikagua njia hiyo yote, na ikihisi kitundu, hata kidogo kama cha sindano, huwasha taa ya njano kwenye dashibodi. Gari lenyewe linaendelea kukimbia vizuri. Hakuna mlio wala mtikisiko, hakuna hata tone chini. Ndiyo maana mafundi wengi waliikwepa kazi hiyo. Unaambiwa kuna mgonjwa, ukimtazama anacheka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, watu husema, lakini hakuna anayekuambia ufa wenyewe utauonaje. Mama Moshi aliona kazi yake inaanzia hapo ambapo methali inaishia. Unapuliza moshi ndani ya njia ya mvuke, taratibu, kwa nguvu ndogo kuliko pumzi ya mtoto. Unawasha tochi. Unanyamaza. Mahali palipo na kitundu, uzi mweupe utajitokeza wenyewe. Alikuwa na uhakika na hilo kama alivyokuwa na uhakika kwamba maji huteremka.

Asubuhi ile, gari lililoingia gereji alilijua kabla hajainua kichwa. Lilikuwa gari dogo la kijani la shangazi yake.

Shangazi alikuwa mkunga, na ingawa hospitali ilikuwa imemuaga kwa keki na saa ya ukutani, wazazi hawakumuaga. Bado walimpigia simu aje awaangalie wanawake waliotoka kujifungua, aone kama kitovu kinakauka, kama mtoto ananyonya, kama mama analia zaidi ya inavyostahili. Ndiye pia aliyemlea Mama Moshi tangu baba yake alipofariki. Ukoo ulipotaka binti asomee kazi ya ofisini, ni shangazi aliyesimama katikati ya sebule akasema, "Mimi navuta watoto wa watu, yeye atavuta injini. Tatizo liko wapi?" Hakuna aliyelijua tatizo liliko, na binti akaenda chuo cha ufundi.

Sasa shangazi aliteremka, akafunga mlango kwa nyonga kama kawaida yake, akasema, "Imewaka tena."

Maneno mawili tu, lakini yalikuwa mazito. Taa ile ilikuwa imewaka mara ya kwanza, Mama Moshi akapuliza moshi, akakuta mpira umepasuka karibu na kopo la mkaa, akaubadilisha. Baada ya majuma kadhaa ikawaka tena. Akapuliza tena, asione kitu, akabadilisha mfuniko wa tangi ili kujiridhisha. Hapo ndipo mtoto wa shangazi, mwana wa pekee, aliposema yaliyokuwa yanamkaa kooni. Mama anaishi peke yake. Mama anazeeka. Gari hilo limezeeka pamoja naye, na siku moja litamwacha barabarani. Mnunuzi yupo. Katika hasira ya mabishano yale, shangazi alitamka mbele yao wote wawili: "Sawa. Taa hiyo ikiwaka tena, uza."

"Umeshamwambia?" Mama Moshi aliuliza.

"Nimempigia kabla sijatoka nyumbani. Mimi si mtu wa kula maneno yangu."

Mwana alifika muda si mrefu, shati limepigwa pasi, kitambulisho cha ofisini kikining'inia kifuani. Alimwamkia mama yake, akamgeukia fundi.

"Binamu, umeshindwa. Kubali tu."

"Mimi nishindwe na gari, binamu? Nimekushinda wewe tangu tuko wadogo, na wewe ulikuwa mbishi kuliko hili."

"Taa inaomba kustaafu, nyie hamtaki kuisikia."

"Nipe leo. Nikishindwa, nitakuoshea gari mwenyewe ulipeleke kwa mnunuzi likiwa linang'aa."

Mwana alicheka bila kutaka, akavuta benchi, akakaa. Funguo za gari la mama yake, zilizokuwa juu ya boneti, aliziweka mfukoni mwake. Shangazi aliziona zikiingia mfukoni, akatazama pembeni.

Mama Moshi alisukuma mashine yake hadi kwenye gari. Alijua kosa lake la mara ya pili, na lilikuwa limemsumbua usiku. Siku ile alikuwa ameingizia moshi kwenye mdomo wa tangi kwa sababu palikuwa karibu, na mfuniko wenyewe ulikuwa umelala juu ya meza ya kazi. Alikuwa amekagua nyumba nzima huku mlango ameutoa nje. Leo angeingizia moshi upande wa injini, mfuniko ukiwa mahali pake.

Alifunga vali inayoruhusu hewa, akaunganisha mpira wake. Kisha, kwa mazoea ya kazi, alizunguka nyuma, akafungua mfuniko, akapapasa mpira wake wa ndani kwa kidole, akaona uko salama, akaufunga mpaka ukalia. Tak, tak, tak. Akawasha mashine.

Moshi uliingia. Alipita na tochi chini ya gari, kwenye kopo la mkaa, kwenye kila kiungo cha mpira, juu ya tangi mahali ambapo mkono unaingia kwa shida. Hakuna uzi. Sindano ya kipimo cha mashine ilisimama wima, haikushuka hata kidogo.

Waya alikuja kuchungulia. "Hili gari ni zima kuliko mimi."

"Kila kitu ni kizima kuliko wewe," alisema, lakini safari hii mzaha haukufika machoni.

Alijilaza juu ya kipande cha boksi chini ya gari, akatulia. Watu walidhani anatafuta. Alikuwa anafikiri. Gari halisemi uongo. Kama liliwasha taa, basi kulikuwa na mahali palipovuja. Na kama sasa halivuji, basi kuna mtu aliyepaziba kati ya nyumbani na hapa, au hapahapa. Nani amegusa nini?

Alitoka chini ya gari, vumbi mgongoni, akaitazama mikono yake mwenyewe.

Mfuniko. Kila gari hili lilipoletwa, kabla hajawasha mashine alikuwa ameshaugusa kwa mikono yake. Alikuwa akimtibu mgonjwa mlangoni, kisha anashangaa mbona hana homa.

"Shangazi," alisema, "taa huwaka ukiwa umetoka kujaza mafuta?"

Shangazi alifikiri. "Nimejaza juzi. Ile mara nyingine pia... ndiyo, nilikuwa nimetoka kujaza."

"Nani hufunga mfuniko pale kituoni?"

"Nafunga mimi. Kuna kijana aliwahi kuuacha wazi, nikaenda nao ukining'inia njia nzima kama kitambulisho cha huyu." Alimwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Tangu hapo hakuna anayeugusa."

"Naomba uufunge sasa, kama unavyofunga siku zote."

Shangazi hakusogea mara moja. Kisha akaenda, mwendo wake wa kikunga usio na pupa, akaufungua mfuniko, akaurudisha. Aliuzungusha kwa kiganja. Kidole gumba chake cha kulia kilikaa pembeni, hakikushika kitu. Mfuniko ulizunguka, ukakaza kidogo, ukasimama. Haukulia.

Mama Moshi akawasha mashine.

Walisubiri. Kisha kwenye ukingo wa mfuniko, upande wa chini, uzi mweupe ulitokea, mwembamba kama unywele wa mzee, ukapanda juu na kuyeyuka kwenye mwanga wa tochi.

"Huyo hapo," Mama Moshi alisema, na furaha ya kazi ilimtoka mdomoni kabla hajaona uso wa shangazi yake.

Shangazi alikuwa ameficha mkono wa kulia ndani ya mkono wa kushoto, kama mtu anayemfunika mtoto baridi isimpate. Aliutazama uzi ule wa moshi. Mikono ile ilikuwa imepokea nusu ya watu wa mtaa wao, Mama Moshi akiwemo. Labda huwa hivyo, kwamba anayewashika wengine ndiye wa mwisho kuangaliwa mikono yake.

"Tangu lini, mama?" mwana aliuliza. Sauti yake haikuwa na ushindi wowote.

"Tangu msimu wa baridi uliopita." Shangazi alijaribu kucheka. "Kinauma asubuhi. Vifuniko vya chupa navifungua kwa meno. Haya, sasa mmejua. Mimi ndiye ninayevuja."

"Ndiyo maana nasema, mama. Mkono usioweza kufunga mfuniko utashikaje usukani?"

Swali lilikuwa la haki, na Mama Moshi hakulidharau. Angeweza kusema tatizo ni mfuniko, na lisingekuwa uongo kabisa. Lakini hakuwa amejenga jina lake kwa majibu ya nusu. Alifuta mikono kwa kitambaa.

"Binamu, mimi sikisii. Kitu nisichokijua nakipima. Tupime na hilo."

Kwanza alikwenda kwenye rundo la vyuma chakavu nyuma ya gereji, akarudi na kipande cha bomba pana. Alikikata upande mmoja kiweze kukumbatia tuta la mfuniko, akamwita Waya amshikie wakati anachomelea mpini mrefu juu yake. Akapiga msasa kingo zote zisikwaruze, akauvisha mpini kipande cha mpira wa baiskeli. Kikawa kitu cha ajabu, nusu spana nusu mwiko.

"Usitumie gumba. Sukuma kwa kiganja."

Shangazi alikipachika juu ya mfuniko, akasukuma. Tak. Akasukuma tena. Tak, tak. Uzi wa moshi ulikatika kana kwamba mtu ameubana kwa vidole, na sindano ya kipimo ikasimama wima.

"Loo," Waya alisema. "Nami nataka kimoja, nimfunge nacho mke wangu mdomo."

"Nitamwambia kwanza yeye," shangazi alisema, "tuone nani atafungwa."

Kisha Mama Moshi akanyoosha mkono kwa binamu yake. Mwana alisita, akazitoa funguo, lakini hakumpa fundi. Alimpa mama yake, akaingia kiti cha nyuma. Mama Moshi alikaa mbele, magoti yakigusa dashibodi.

Hakumrahisishia shangazi kazi. Alimpitisha sokoni, mahali mikokoteni inapokata njia bila kuuliza. Alimpandisha mlima wenye kona, akamwambia asimame katikati na aondoke tena bila gari kurudi nyuma. Alimwambia aingize gari kinyumenyume kati ya lori na ukuta. Shangazi alizungusha usukani kwa viganja viwili vilivyotandazwa, gumba likiwa juu, huru, na gari likaenda alikotaka. Mkokoteni mmoja ulipojitupa mbele yao, alikuwa ameshakanyaga breki kabla mwana hajamaliza kuvuta pumzi.

"Huyo angezaliwa mikononi mwangu," shangazi alisema akimtazama mwenye mkokoteni, "ningemwambia mama yake amfundishe kuangalia pande zote."

Waliporudi gereji mwana alibaki ndani ya gari kidogo, akiegemeza paji la uso kwenye kiti cha mbele.

"Unaendesha vizuri kuliko mimi," alisema mwishowe. "Naogopa tu, mama. Simu yako isipopokelewa, naogopa."

"Najua," shangazi alisema. "Ungesema hivyo tangu mwanzo, badala ya kulisingizia gari."

"Na wewe ungesema mkono unauma."

Shangazi akanyoosha mkono ule wa kulia nyuma, kati ya viti, na mwanawe akaushika, akaugeuza, akaukagua kidole kwa kidole kama anayesoma. Wakakubaliana hapohapo kwamba juma hilo atampeleka akaonwe na daktari wa mifupa, naye shangazi ndiye atakayeendesha kwenda.

Mama Moshi aliizima taa kwa kompyuta yake, lakini alijua kwamba kuizima si ushahidi. Gari lilihitaji kulala na kupoa, tangi likiwa si tupu wala si tele, kisha lijikague lenyewe. Alimwambia shangazi alitumie kama kawaida. Alisema bila wasiwasi, kwa kuwa alikuwa ameuona uzi ukitokea na ameuona ukikatika.

Siku zilipita. Gari la kijani lilikuja tena, shangazi akiwa anatoka kujaza mafuta, mkono wa kulia umefungwa bandeji aliyopewa na daktari. Mama Moshi alichomeka kompyuta yake. Ukaguzi wa njia ya mvuke ulikuwa umeshafanyika, umekamilika, umefaulu. Dashibodi ilikuwa na giza zuri pale ilipokuwa taa ya njano.

"Basi?" shangazi aliuliza.

"Basi. Mwambie mnunuzi atafute kwingine."

"Mwanangu alishamwambia siku ileile."

Alikuwa anataka kuondoka, kisha akamwona fundi amefungua mfuniko tena kwa mazoea yake, yuko tayari kuufunga. Akamzuia mkono, akatoa kile kispana chake chini ya kiti. Mama Moshi alimwachia, akaenda kunawa kwenye beseni lililokuwa ukutani. Akiwa amempa mgongo, maji yakichuruzika kwenye vidole, alisubiri asikie.

Tak, tak, tak.

Hakugeuka kuangalia. Alichukua kitambaa, akafuta mikono, akamwita mteja aliyefuata.