Baruti ya Julai, Jua la Novemba

Hester Grobbelaar alikuwa mtu wa kinyaa. Kahawa ya mkebe ilimtia kinyaa, wachungaji wanaohubiri huku wakitupia saa jicho walimtia kinyaa, lakini hakuna aliyemchefua kama mwanamume anayejaza risasi kwa kukisia. Wawindaji wa upande wote ule wa Thabazimbi walimletea maganda matupu ya risasi zao awajazie upya. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akijifungia katika chumba cha nyuma ya jiko, redio na simu zimezimwa, akipima baruti kwenye mizani ya marehemu mumewe. Ukimgongea mlango katikati ya kupima, aliimwaga yote akaanza upya, na matusi ungeyapata.

Hakuwa na haraka. Alianza chini ya kipimo cha kitabu, akapandisha punje chache, akapiga risasi ya majaribio, akakagua kila ganda kwa kioo cha kukuzia. Akiona dalili ya mkazo, kwamba baruti imelisukuma ganda kupita kiasi, alirudi nyuma bila kubishana nayo. Na kila kipimo alikijaribu mara mbili, kwenye baridi ya Julai na tena kwenye jua kali la Novemba, maana baruti ikipata joto hupandwa na hasira.

Alhamisi moja ya Novemba, mkwewe Wynand, aliyekuwa akiwaongoza wageni kuwinda nyati, alifika na sanduku la maganda matupu. Nyuma yake alikuja Ephraim Maluleke, msoma nyayo wake, ambaye kazi yake ni kutangulia mbele ya bunduki.

"Mama, nijazie arobaini. Jumamosi nina mgeni wa nyati."

Hester akatoa ganda moja, akaligeuza kitako. Fataki, kile kidude cha kuwashia baruti, ilikuwa imebondeka bapa, na kando yake palikuwa na mkwaruzo unaong'aa.

"Hizi si zangu."

"Sanduku lako, Mama. Jina lako hilo hapo."

"Jina nimeliona. Uchafu ni wa nani?"

Wynand akacheka. "Nilizijaza hapa hapa Julai, ulipokuwa kanisani. Nikazipandishia baruti kidogo. Zako zinatembea, Mama, hazikimbii. Na nilizijaribu siku ile ile, zikatoka safi!"

"Julai! Na barafu iko kwenye birika la ng'ombe!" Mtu mzima, mwenye ndevu, amemwoa binti wa Hester mwaka wa tisa huu, na hajui hata kuogopa. "Zimebaki ngapi?"

"Kumi na tano. Ziko mbele kwenye pikapu, pale kwenye kioo."

Zilikuwa zimekaa juani tangu asubuhi. Hester alizishika kwa pembe ya aproni kama mtu anayeokota panya mfu. Akaifunga bunduki ya Wynand kwenye tairi kuukuu nyuma ya zizi, akatia risasi moja, akawapeleka wote nyuma ya ukuta na kuvuta kifyatulio kwa kamba. Mlio ulitikisa mabati.

"Haya, fungua. Tia ya pili."

Wynand akavuta komeo la bunduki ili ganda lililopigwa litoke. Likagoma. Akavuta kwa mikono miwili, uso ukamwiva.

"Moja," Hester akahesabu. "Mbili. Tatu. Nyati kafika. Nne. Sasa anakanyaga. Endelea, bwana, usione haya."

Komeo lilifunguka kwa kupigwa na kisigino cha buti.

"Ni hiyo moja tu, Mama. Bahati mbaya."

"Bahati gani, mpumbavu wee!"

Ephraim akavua kofia. "Septemba bunduki iligoma hivi hivi, Mama. Kule mtoni. Nyati alinipitia hapa." Akagusa nyonga yake. "Aligeuka mwenyewe tu. Wynand aliniambia ni vumbi tu kwenye komeo."

"Na ukaendelea kutangulia mbele yake?"

"Nilijua risasi ni zako. Nikasema, basi, kweli ni vumbi."

Hester alisikia aibu ikimchoma mpaka masikioni, na nyuma ya aibu kikaja kinyaa, chote kikimwelekea mume wa binti yake. Akalichomoa komeo zima kutoka kwenye bunduki, akalitumbukiza mfukoni mwa aproni.

"Mpigie mgeni wako. Jumamosi hakuna nyati."

"Mama! Ametoka ng'ambo ya bahari. Nitamwambia nini?"

"Mwambie ni vumbi."