Risasi Iliyotoroka Tanurini

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyoutangazia ulimwengu kwamba kisima cha watu ni salama kwa sababu tu nilikuwa na njaa.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi, nikifanya kazi katika maabara moja ya Geita. Mama Kulwa alikuja kutoka kijijini Kharumwa na dumu la maji ya kisima chao. Wajukuu wake wanayanywa. Alitaka kujua kama yana madini ya risasi, yale ya kwenye betri za gari.

Tanuri letu lilikuwa kimrija cha kaboni, chembamba kuliko kidole. Unakausha tone la maji polepole, unaunguza uchafu kwa moto wa wastani, mwisho unapiga joto kali, na taa ya mashine inausoma mvuke unaopanda. Mkuu wetu, Mzee Masanja, alinifundisha hivi:

"Risasi ameoa oksijeni, na taa yetu haimwoni aliyeoa. Joto likiwa kali, oksijeni anamkimbilia kaboni, tajiri wa ng'ombe. Risasi anabaki mseja, anaelea kama mvuke. Hapo taa inamkamata."

Mama Kulwa alikuwa amenifungia michembe ya karanga, viazi vitamu vilivyokaushwa na kupikwa. Harufu yake ilijaa chumba.

"Baba, bado tu?" Mama Kulwa akauliza. " Mimi maharage yakichelewa naongeza kuni!"

Haraka haraka haina baraka, lakini njaa haina methali. Nikaongeza moto palepale kwenye kuunguza uchafu. Jibu: sifuri.

"Mama, maji yako safi kabisa!"

Akapiga vigelegele, akabeba dumu, akaondoka. Mimi nikafungua michembe. Mzee Masanja akaingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Yale maji ya kujaribia mashine, tuliyoyatia risasi wenyewe, yamesomaje?"

"Nayo sifuri, mzee. Safi."

"Safi?" Akavua miwani, akanisogezea chupa. "Basi yanywe."

Mwanangu, sikuyanywa.

"Umemfukuza bwana harusi kabla taa haijawashwa," akasema, "halafu unatangaza hakuna harusi. Risasi imetoka na moshi. Mkimbilie yule mama!"

Nilimpata langoni, koti langu jeupe likipepea kama kanzu ya mganga. Tukarudia kwa moto wa taratibu. Risasi ilikuwepo, tena ya kutosha. Mama Kulwa akamwaga maji, akaapa wajukuu watachota kwingine, kisha akachukua michembe yake.

"Hii ilikuwa ya habari njema."

Basi, mwanangu, kutoiona hatari si kwamba haipo; huenda umeitorosha mwenyewe. Kabla hujamwambia mtu "kunywa", jiulize kama kikombe hicho ungekinywa wewe. Mungu akupe moto wa kutosha, akupe na subira ya kuupandisha hatua kwa hatua, na michembe yako uile mpaka uimalize.