Nilifungua data za utafiti wa taifa nikakuta kwetu Burungu hakuna mgonjwa

Wakuu, heshima kwenu wote, pamoja na nyie mnaosoma kimya kimya bila hata kulike.

Nasimulia jambo la nyumbani kwetu Burungu, Masisi, huku Kivu ya Kaskazini. Hii si chai. Atakayeona ni chai aongeze sukari anywe, mimi nitakuwa nimeshatua mzigo.

Kaka yangu mkubwa, Bahati, alikuwa mchimba madini ya koltani kule Rubaya. Siku moja shimo liliporomoka, rafiki yake Deo akabaki chini. Bahati alitolewa mzima. Yaani mwili ndio uliotoka mzima.

Aliporudi nyumbani alianza na kanyanga, ile gongo yetu, asubuhi kabla ya chai. Halafu akachukua jembe akaanza kuchimba mashimo kwenye shamba la maharage la Mama, nyuma ya nyumba. Ukimuuliza anatafuta nini, anakujibu bila hasira:

"Deo iko anapumua. Minamusikia."

Mama alikuwa akifukia mashimo na kupanda upya. Hakuwahi kumgombeza. Mimi ndiye niliyekuwa nakasirika, maana maharage yale ndiyo tuliyokuwa tunakula.

Basi, kipindi hicho wakaja watu wa utafiti wa taifa. Walikuwa wanauliza habari za pombe, bangi na afya ya akili, nyumba kwa nyumba. Kwetu alikuja dada mmoja mpole na tablet yake mkononi. Akamwomba Mama waingie ndani wazungumze wawili tu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na wala hakukosea yeye.

Wakuu, kwetu mgeni hafichwi. Anawekewa kiti uani, majirani wanakuja kumsalimia, na wakishasalimia hawaondoki. Ukijifungia na mgeni, kesho kijiji kizima kinauliza mlikuwa mnauza nini.

"Hapana, mutoto wangu," Mama akamwambia. "Kaa hapa inje, watu bakuone. Hatuna siri."

Dada akakubali kwa shingo upande. Akaeleza kwamba majibu yatawekwa kwenye internet, kila mtu atayaona, lakini majina hayatatoka popote. Alieleza vizuri sana.

Tatizo, sisi tumeshakimbia vita zaidi ya mara moja, na tunajua kuandikwa kwa aina moja tu. Ukiandikwa, siku ya kugawa msaada jina lako linasomwa kwa megafoni mbele ya umati. Nani alishawahi kuona kuandikwa kusikokuwa na megafoni? Na mdogo wetu wa kike ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuposwa, na posa huvunjika watu wakisikia nyumbani kuna mgonjwa wa akili.

Swali likafika. Katika nyumba hii kuna mtu anayeshindwa kuacha pombe, au anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii?

Majirani wakatazama chini. Nyuma ya nyumba jembe lilikuwa linasikika, halipumziki.

"Hakuna," Mama akasema.

Dada akageuza kichwa. "Na ule anayelima ni nani?"

"Kijana wangu. Anapenda kazi sana."

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, kile kicheko cha kusaidia. Zamu ya majirani ilipofika wakajibu hivyo hivyo, na pale kuna nyumba zina shida kuliko yetu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema afanye nini akiwa ameulizwa mbele ya majirani wote.

Baadaye hali ya Bahati ikazidi kuwa mbaya. Halali, hali chakula. Tulijaribu kumpeleka hospitali ya Kirotshe, akashuka njiani akarudi kwa miguu, eti Deo anamsubiri.

Nikaenda kituo cha afya cha karibu. Muuguzi, Papa mmoja, yaani mzee, mtaratibu, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Dawa za ugonjwa ya akili hapa hatuna, kaka. Bauguzi balisomea ile kazi balipelekwa upande wa Walikale. Serikali ilifuata majibu ya ile utafiti. Iko ku internet, fungua uone mwenyewe."

Nikaweka bando. Kweli data ziko wazi, hakuna password, hakuna kuomba ruhusa. Unafungua ramani, unagusa eneo lako. Niseme kweli, kitu cha kwanza nilichotafuta ni jina letu. Halikuwepo. Hakukuwa na jina la mtu hata mmoja.

Walikale ilikuwa imekolea rangi ya wagonjwa wengi. Mfanyabiashara mmoja wa huko aliniambia kwao waliulizwa mashambani, ndani ya msitu, kila mtu peke yake na panga lake, kwa hiyo walisema. Upande wetu ulikuwa mweupe. Ungedhani sisi ndio watu wenye raha kuliko wote Kongo.

Nikampelekea Mama simu. Alikuwa uani anachambua maharage. Nikamweleza ule weupe maana yake nini. Akagusa skrini kwa kidole chenye vumbi.

"Bahati iko wapi hapa?"

"Hayuko, Mama."

"Basi mumuandike leo. Minakubali. Basome hata mu megafone."

"Haiwezekane, Mama. Hii banaangalia tu. Kuandika kulishaisha."

Hakulia. Aliniuliza tu Walikale ni mbali kiasi gani kwa mtu asiyetaka kuacha jembe. Na ile njia, kwa hali ya vita ya sasa, wengine mnaijua. Iliniuma wakuu, inaniuma mpaka leo.

Nilichojifunza: data kuwa wazi ni jambo jema, ila zinaonyesha kile kilichosemwa tu. Nyie mnaokuja kuuliza, tangulieni kutuonyesha za zamani, tuone kwa macho yetu kwamba hazina majina. Na sisi tunaoulizwa, tuseme. Aibu ya siku moja ingepita, hili shamba la mashimo haliishi.

Mwenye ndugu aliyepitia haya, au anayejua msaada unapatikana wapi bila kufika Walikale, aandike hapa chini.

Uzi huu ni Mama aliyeniagiza niuandike, na akasema niweke jina la Bahati. Komenti zenu nitamsomea uani kwa sauti, majirani wakiwepo.