Mama aligoma dawa ya saratani kwa sababu "seli zinajiua"

Wakuu, heshima kwenu. Hili sijasimuliwa na mtu, limetokea kwangu hapa Ilomba, Mbeya. Wenye haraka piteni tu, sitawashika shati.

Mama yangu ni Mhehe wa Iringa, Mlutheri wa kwaya hasa. Alikutwa na saratani ya titi, nikamleta kwangu atibiwe mjini.

Baada ya vipimo daktari, dada mmoja mpole, akasema kuna dawa ya dripu inayofaa aina yake.

"Ni protini, mama. Inazishika seli za saratani mpaka zinajiua zenyewe."

Mimi moyoni nikasema asante Yesu.

Kufika home akagoma. "Siweki mwilini mwangu kitu kinachofundisha kujiua."

Wakuu, mori ukanipanda. Nikamwambia anataka kutuachia msiba kwa ajili ya neno moja! (Nina mdomo, mke wangu ni shahidi.)

Mama akamenya viazi vyote, ndipo akasema, "Mjomba wako Yohana hakufa kwa malaria. Alijinyonga. Mimi ndiye niliyemkuta."

Nililia, sioni aibu kusema. Kumbe mama alibeba hilo peke yake miaka yote.

Tukarudi kwa daktari. Mama akamuuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, hizo seli zikijiua, zinaumia?"

Daktari hakucheka. Akavuta kiti, akamshika mkono.

"Hapana mama. Seli haina moyo wa kuumia. Kila seli mwilini ina wakati wake wa kuondoka, ila hizi zimekataa. Dawa inazilazimisha ziondoke, wewe ubaki."

Mama akafikiri. "Basi sio kama Yohana wangu."

"Sio kama yeye, mama. Yeye alikuwa anaumia."

Mama akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka. Kisha akakunja mwenyewe mkono wa gauni.

Sasa uvimbe umepungua, bado tunaendelea na dripu.

Nilichojifunza: mgonjwa wako akigoma dawa, usimkoromee kama mimi. Kaa naye, muulize anaogopa nini. Mwenye mzazi anayeugua aandike hapa chini, tutamsoma wote.

Mimi nawaacha kidogo, tunajiandaa kwa safari ya Iringa. Mama ameomba nimpeleke kwenye kaburi la mdogo wake Yohana. Hajawahi kukanyaga pale tangu wamzike.