Nilipogonga Paa Mbele ya Ndovu

Jumamosi, saa tatu kamili asubuhi, mimi, wazazi na wadogo zangu tulitoka Timbwani na gari la kukodi kwenda Shimba Hills kuona ndovu. Mama alitaka twende kwa matatu hadi Kwale, kisha tutafute gari la kutuingiza mbugani. Mimi ndiye niliyemsihi baba akodi. Baba ni dereva wa matatu, nami mtu wa haya. Nilitaka siku moja tusafiri kwa utulivu, bila mtu kugonga bati na kupiga kelele, "Shusha!"

Ndani ya msitu, kwenye kona, ndovu wakatokea. Wallahi, sijawahi kuona kitu kikubwa namna ile kikitembea kimya. Baba aliwapita polepole ili tukasimame mbali, penye usalama. Sijui nilipatwa na nini. Nikagonga paa kwa kiganja: "Shusha hapo!"

Baba akafunga breki papo hapo. Kwa mazoea ya kazi yake, mguu haukungoja akili. Ndovu wakatuzunguka. Mmoja akapitisha mkonga kwenye kioo cha dirisha langu, nikaziona kope zake, ndefu kuliko za bibi harusi.

"Nani kagonga?" mama akanong'ona.

"Haya," baba akasema bila kugeuka, "aliyegonga ashuke."

Mama na wadogo zangu wote wakanigeukia. Nilijifunika mtandio usoni hadi ndovu wakaondoka.

Jumapili asubuhi niliosha gari kabla halijarudishwa. Kioo chenye tope la mkonga nilikiacha mwisho, na kabla ya kukimwagia maji, nikaegemeza shavu langu pale mkonga ulipopita.